Mgeni Ajaye na Chupa Yake

Kama umepata kukaa katika kamati ya arusi mjini, jambo la leo si geni kwako. Ukumbi umekwisha kupatikana, viti vimehesabiwa, habari ya chakula imekwisha, ndipo mwenye ukumbi anapotoa karatasi ya masharti. Humo imeandikwa kwamba vinywaji hununuliwa kwake. Na kama mtaleta vyenu kutoka nje, mtalipa kiasi fulani kwa kila kreti. Basi mabishano huanza hapo hapo. Mjomba wa bwana arusi husimama akauliza: "Nimenunua kwa fedha yangu, nimekodi gari kwa fedha yangu. Nilipe tena ili ninywe mali yangu mwenyewe?" Wengi hupiga makofi. Mweka hazina hanyamazi kwa kukosa neno. Hunyamaza kwa sababu yeye ameshaona bei ya vinywaji vya ukumbini.

Swali la mjomba ni swali la haki, nalo limeulizwa katika miji mingi kabla ya kuulizwa kwetu. Iko miji ya mbali ambamo watu wamezoea, tangu miaka mingi, kwenda kula mkahawani kila mmoja na chupa yake kwapani, na sheria imelazimika kusema neno juu yao. Nataka leo tutazame jinsi wao walivyofika hapo, kwa sababu desturi hii haikuanzishwa na walevi, kama wengi wanavyodhani. Kwa sehemu kubwa ilizaliwa na sheria zilizotungwa ili kuupunguza ulevi.

Kwanza tuielewe yenyewe. Mkahawa hauna leseni ya kuuza kileo, au unayo lakini mwenyewe hukubali wageni walete chao. Mgeni hupita dukani, hununua mvinyo au bia, akaja nayo mpaka mezani. Mtumishi huizibua chupa, huleta bilauri, huiweka katika barafu kama ni ya kunywewa baridi, na wageni wakiondoka huosha na kufagia. Kwa kazi hiyo wengine hawatozi kitu. Wengine hutoza ada kwa kila chupa au kwa kila kichwa. Kwa Kiingereza ada hiyo imepata jina lake kutokana na kizibo cha chupa. Katika Australia na New Zealand utaona dirishani herufi tatu tu, BYO, maana yake "lete chako mwenyewe", na hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi.

Sasa turudi nyuma, hata wakati wa vita kuu ya kwanza. Katika nchi hizo mbili walikuwako watu wengi, wanawake hasa, na makanisa mengi pamoja nao, waliochoka kuona mishahara ikiishia baa na watoto wakilala njaa. Vita ilipokuja, walisema kwamba taifa lililo vitani halina ruhusa ya kulewa. Wakashinda. Jimbo la Victoria, ambalo mji wake mkuu ni Melbourne, liliamuru mwaka 1916 kwamba baa zifungwe saa kumi na mbili jioni. New Zealand ikafuata mwishoni mwa 1917. Ilisemekana ni amri ya wakati wa vita tu, lakini ilidumu nusu karne: Victoria waliiacha mwaka 1966, New Zealand mwaka 1967. Hata wakati wa michezo ya Olimpiki ya mwaka 1956, wageni wa dunia nzima walipofika Melbourne, baa zilifungwa saa kumi na mbili kama kawaida. Tena mwaka huo huo wananchi wa Victoria walikuwa wameulizwa kwa kura kama wataka saa isogezwe mbele, wakakataa.

Nia yao ilikuwa njema, nami siwacheki. Lakini tazama kilichotokea. Mfanyakazi alitoka kazini saa kumi na moja. Alikuwa na saa moja tu. Basi wanaume walibanana baani bega kwa bega, wakinywa kwa pupa, kila mmoja akijaribu kumaliza kwa dakika sitini kile ambacho angekinywa jioni nzima. Kulikuwa na baa ambazo wauzaji hawakupata nafasi hata ya kupokea bilauri na kuzirudisha. Walitembea na mpira wa bia, mfano wa ule wa kumwagilia bustani, wakijaza bilauri pale pale zilipo. Kengele ikilia, wote walimwagwa barabarani, nao wakaenda nyumbani kwa wake zao wamelewa kabla ya chakula cha jioni. Mama aliyepiga kura ili mumewe arudi mapema alimpata mapema kweli, lakini katika hali gani!

Na mikahawa je? Katika New Zealand mkahawa wa kawaida haukuruhusiwa kabisa kuuza mvinyo pamoja na chakula. Ni mwaka 1961 ndipo michache ilipoanza kupewa leseni. Mtu aliyetaka kula na mkewe nje usiku, wakanywa bilauri moja kwa utulivu, hakuwa na mahali pa halali pa kufanya hivyo, isipokuwa hotelini penye leseni. Basi watu wakaanza kujisaidia wenyewe, na chupa ikafichwa chini ya meza. Mwaka 1976 serikali ya New Zealand ilikubali kwamba ni afadhali jambo hilo lifanyike peupe, ikatoa leseni ya namna mpya: mkahawa usioweza kuuza kileo uliruhusiwa kuwapokea wageni wenye kileo chao.

Melbourne nako desturi hiyo ilistawi sana katika miaka ya 1960 na 1970, na waliofaidika ni watu wadogo. Baada ya vita kuu ya pili waliingia katika mji huo Waitalia wengi, na Wagiriki, na watu wa mataifa mengine, ambao hawakuwa na mtaji ila ufundi wa kupika. Ukipita leo barabara ya Lygon, mtaa wa Carlton, utaona bado mikahawa ya Kiitalia imepangana. Mtu wa namna hiyo, aliyefika kwa meli na sanduku moja, angepata wapi fedha ya leseni kamili, na ghala la mvinyo, na mtu wa kulisimamia? Lakini sufuria alikuwa nayo, na viti ishirini alivipata. Mgeni alileta chupa, yeye alileta chakula, na wote wawili wakaridhika.

Jambo hili laonekana wazi zaidi katika Marekani, jimbo la Pennsylvania, mji wa Philadelphia. Nitakaa hapa kidogo, kwa maana habari yake yafundisha.

Kama tujuavyo, Marekani nzima ilipiga marufuku biashara ya kileo kuanzia mwaka 1920, ikaifungua tena Desemba 1933. Gavana wa Pennsylvania wakati huo, Gifford Pinchot, alikuwa adui wa pombe. Alipoona marufuku inaondolewa na hana uwezo wa kuizuia, alilikusanya bunge la jimbo haraka, likaunda bodi ya serikali ya kusimamia vileo. Tangu hapo mvinyo na vileo vikali viliuzwa katika maduka ya serikali yenyewe, na watumishi wa serikali nyuma ya kaunta. Ni mwaka 2016 tu ndipo sheria ilipolegezwa, baadhi ya maduka makubwa ya chakula yakaruhusiwa kuuza mvinyo pia.

Leseni za mikahawa nazo zilikuja kuwekewa mpaka kwa hesabu ya watu: leseni moja kwa kila wakazi 3,000 wa wilaya. Basi nambari ikishajaa, anayetaka leseni hana budi kuinunua kwa mtu aliye nayo. Hapo leseni imekuwa kama shamba au nyumba. Huuzwa na kununuliwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na mahali penye watu wengi bei hupanda mpaka mamia ya maelfu. Fikiri, msomaji: kijana mpishi, aliyefanya kazi miaka kumi katika jiko la mtu mwingine, ataka kufungua mkahawa wake wa meza kumi. Kabla hajanunua hata kijiko, aambiwe atoe bei ya nyumba nzima kwa ajili ya karatasi moja!

Wapishi wa Philadelphia walifanya nini? Waliacha karatasi hiyo. Sheria ya jimbo haimkatazi mkahawa usio na leseni kupokea mgeni mwenye chupa yake, ijapokuwa miji ina ruhusa ya kuzuia kwa amri zake yenyewe. Basi mji ukajaa mikahawa midogo ya namna hiyo, mingine ya mume na mke tu, mume jikoni na mke mezani. Leo watu wa Philadelphia hujivunia mikahawa hiyo. Gavana Pinchot alitaka kileo kiwe kigumu kupatikana; sidhani kama aliota kwamba bodi yake ingewasaidia wapishi maskini kupata kazi yao wenyewe.

Jirani zao wa New Jersey nao wana kipimo cha leseni kwa hesabu ya watu, nao pia huruhusu mgeni kuleta mvinyo au bia mahali pasipo na leseni. Lakini wao waliweka sharti la ajabu: mwenye mkahawa asitoze ada kwa chupa ya mgeni, wala asitangaze kwamba huruhusu. Yaani jambo lilikuwa halali, lakini kulitaja dirishani lilikuwa kosa. Mwaka 2018 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba katazo la kutangaza halipatani na uhuru wa kusema. Nadhani mahakama ilisema kweli. Jambo likiwa halali, na lisemwe. Na likiwa baya, na likatazwe.

Sasa tuje kwenye fedha, maana mjomba wetu bado anangoja jibu.

Mikahawa yenye leseni huongeza sana bei ya mvinyo. Chupa ya dola 15 dukani si ajabu kuikuta mezani kwa dola 40 au 45. Usidhani yote hiyo ni tamaa. Faida ya chakula ni nyembamba: nyama yaharibika, mafuta ya kupikia yapanda bei, sahani zavunjika, na mpishi alipwe hata siku ambayo mvua imezuia wageni. Kinywaji hakiozi upesi wala hakihitaji mpishi, kwa hiyo hicho ndicho hubeba kodi ya nyumba. Wewe unapokuja na chupa yako, umeondoa mzigo huo begani mwako, lakini kodi ya nyumba haikuondoka. Ndiyo sababu ya ada. Tuseme mwenye mkahawa akutoze dola 5. Basi chupa yako imekugharimu 20 badala ya 45, naye amepata cha kumlipa aoshaye bilauri. Sioni dhuluma hapo, na mwenye ukumbi wa arusi husimama katika hesabu hiyo hiyo. Kreti za kwenu zimekaa katika friji lake, kwa umeme wake, na usiku wa manane ni watu wake watakaookota chupa na kupiga deki.

Dhuluma huanza pale ada inapotajwa baada ya watu kukaa, au inapopandishwa makusudi mpaka iwe hasara kuleta chako, ili ulazimike kununua chake. Mtu wa namna hiyo angesema tu "sitaki", tukaelewana.

Lakini wageni nao wana dhuluma yao. Yuko yule aingiaye na wenzake watatu, chupa sita mfukoni, akaagiza sahani moja ya chipsi ya kushirikiana, akakalia meza tangu saa moja hadi saa nne. Huyo hakuja kula. Amejipatia baa ya bure katika nyumba ya mtu, na kila saa anayokaa anakula kiti cha familia iliyogeuka mlangoni kwa kukosa nafasi. Mahali desturi hii ilikozoeleka wageni waungwana hufahamu adabu yake: huuliza kabla ya kuja, hawaleti kinywaji ambacho nyumba yenyewe inakiuza, na huagiza chakula cha kutosha.

Nimesema mazuri yake. Liko na jambo linaloninyima raha, nalo sitalificha.

Chupa moja ya kawaida ya mvinyo ni mililita 750. Mvinyo wenye nguvu ya asilimia 13 una gramu kama 77 za kileo halisi ndani ya chupa hiyo. Katika Australia na New Zealand kipimo kimoja cha kunywa huhesabiwa kuwa gramu 10. Basi chupa moja ni vipimo saba na zaidi. Bwana na bibi wakiimaliza wawili, kila mmoja amekunywa karibu vipimo vinne. Tena mtu aliyeagiza bilauri moja kwa mtumishi huweza kusimama hapo. Lakini mtu aliyekuja na chupa nzima, iliyokwisha kulipiwa, iliyokwisha kuzibuliwa, huona ni hasara kuiacha. Humalizia. New Zealand, kwa kuona vifo vya barabarani, walishusha kipimo cha dereva Desemba 2014, kutoka miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu mpaka 50. Aliyemaliza nusu chupa na zaidi kwa muda wa mlo mmoja asiguse usukani.

Vijana wameiharibu desturi kwa njia yao. Katika miji ya vyuo ya New Zealand, Dunedin mathalan, wanafunzi hupanga karamu mkahawani kwa makundi makubwa, chupa moja kwa kila mtu, na chakula huwa kisingizio tu. Mikahawa mingine imechoka, ikaweka mpaka wa chupa, na mingine ikaacha kabisa.

Swali kubwa ni hili: mtu aliyekunywa chupa yake mwenyewe akilewa, nani ataulizwa? Baani jibu ni jepesi, maana aliyemwuzia anajulikana. Hapa mwenye mkahawa aweza kunawa mikono akisema: "Mimi niliuza samaki na viazi tu." Sheria ya New Zealand haikumwachia mwanya huo. Hata akiwa hauzi tone moja, sharti awe na leseni ya kupokea wageni wenye vileo, na hana ruhusa ya kumwacha mlevi aendelee kunywa humo. Chupa ni ya mgeni, lakini nyumba ni yake, na kinachotendeka humo chamhusu.

Nami nafikiri hapo ndipo jambo lote linaposimama. Iwapo wewe una hoteli yako ndogo, na wateja wameanza kukuuliza kama waweza kuja na bia zao, usikubali kwa kuona haya, wala usikatae kwa hofu tu. Nenda kwanza kwa afisa biashara wa halmashauri yako, umwulize sheria ya mahali pako yasemaje, kwa maana haya niliyoyaeleza ni ya nchi za watu. Kisha jiulize mwenyewe swali moja gumu: je, unao uwezo wa kumwambia mteja wako wa kila siku, mtu mzima kuliko wewe, mwenye fedha na sauti kubwa, "Mzee, imetosha, shikamoo, naomba chupa hiyo nikuwekee"? Kama kinywa chako hakiwezi kusema hayo mbele ya watu, usiiruhusu hata chupa moja, kwa sababu siku ya pili yule mama aliyezoea kuja na watoto wake kula wali saa moja jioni hataonekana tena, na hatakuja kukueleza sababu. Wako wenye mikahawa, kwa imani yao au kwa utulivu wa watoto wao, ambao hawataki kileo kipite mlangoni kabisa. Hao nao wana haki yao kamili. Kuleta chupa si haki ya mgeni. Ni ruhusa anayopewa na mwenye nyumba.

Na ninyi wanakamati, ulizeni ada siku ya kwanza, kabla ya kutoa malipo ya awali, mkaandikishe. Ulizeni kama inahesabiwa kwa kreti au kwa kichwa, na kama soda na maji ya watoto vimo. Teueni mtu mmoja asiyekunywa ashike funguo za friji.

Limebaki neno la chupa isiyokwisha. Baadhi ya majimbo ya Marekani yamelitengenezea njia, nami naona ni njia ya busara. Mgeni akishiba na mvinyo ukibaki, mtumishi huiziba chupa tena, huitia katika mfuko unaofungwa kiasi kwamba ukifunguliwa utaonekana, akampa na stakabadhi ya chakula. Mgeni huiweka nyuma katika buti ya gari, mbali na mkono wa dereva, akaenda nayo nyumbani, ikangoja kesho.